Wasifu wa dada yangu aliyeishi na mtindio wa ubongo kwa miaka 44

Ndugu wanajamvi, salaam.

Katika misiba yetu ya huku Dodoma, kama ilivyo katika mikoa mingi, wasifu wa marehemu husomwa kabla ya mwili kupelekwa makaburini. Msomaji husimama mbele ya waombolezaji akataja mwaka na mahali alipozaliwa marehemu, shule alizosoma, kazi alizofanya, ndoa yake, watoto na wajukuu aliowaacha, kisha hueleza ugonjwa uliomwondoa. Dada yetu mkubwa alipofariki mwaka 2023, mzee mmoja wa ukoo alishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba sehemu hiyo irukwe, kwa kuwa marehemu hakusoma, hakuajiriwa, hakuolewa wala hakuzaa. Shauri lake lilipita, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha panda na ndugu wa mbali walitaka kuwahi mabasi. Sikukubaliana nalo siku ile na sikubaliani nalo leo. Dada alijifunza, alifanya kazi na alilea watoto. Naomba niuandike wasifu wake hapa kwa kufuata utaratibu ule ule wa msibani.

Alizaliwa Januari 1979, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, katika kijiji ambacho sasa kimo ndani ya Wilaya ya Chamwino. Wanaoijua Dodoma wanajua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwamba korongo ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu linaweza kujaa ghafla na kukata njia hadi kesho yake. Uchungu ulimshika mama katika siku za namna hiyo. Mkokoteni wa ng'ombe ulishindwa kuvuka, mkunga wa jadi akafanya alichoweza, na mtoto alipotoka baada ya kukaa kwenye njia ya uzazi kwa muda mrefu hakulia. Alikuwa amelegea na rangi yake imebadilika. Mpaka anavuta pumzi ya kwanza, ubongo wake ulikuwa umekosa hewa kwa muda ambao ubongo wa mtoto mchanga hauwezi kuuvumilia.

Mtindio wa ubongo una vyanzo vingi. Wapo wanaoupata kwa kuzaliwa njiti, kwa manjano makali yasiyotibiwa mapema, kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani katika miaka ya mwanzo, na wapo ambao chanzo chake hakijulikani kabisa. Jeraha lenyewe la ubongo haliponi, lakini pia haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili, kwa kuwa misuli inayopokea amri zilizovurugika hukakamaa kadiri mtoto anavyokua, hadi magoti na viwiko vikakataa kunyooka. Haya wazazi wetu hawakuyajua. Walichojua ni kwamba mtoto wao alitimiza mwaka bila kuikaza shingo, na kwamba kila aliyepita alikuwa na maelezo yake: huyu alisema ni mkosi wa ukoo, yule akataja mganga wa ng'ambo ya mlima. Baba alimpeleka hospitali ya misheni ya Mvumi. Huko aliambiwa kwa upole kwamba mtoto hatatembea, na pia, jambo ambalo baba alilirudia mpaka uzeeni, kwamba mtoto asiyeweza kusema si lazima awe haelewi, na kwamba azungumzwe naye kama watoto wengine. Baba alilishika agizo hilo kwa nguvu zote. Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku kumjadili Dada mbele yake kana kwamba hayupo.

Baada ya kuzaliwa hufuata elimu. Ni kweli kwamba jina lake halikuwahi kuandikwa katika daftari la shule yoyote. Mkoa wetu una Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanza mwaka 1950, nchi ikiwa bado ni Tanganyika, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba huku hatukujua kuwa mtoto mwenye ulemavu hufundishika. Lakini mtoto asiyeweza kukaa bila kuegemezwa, asiyeshika kalamu na asiyetamka neno, hakuwa na darasa lililomsubiri mahali popote ambapo wazazi wetu wangeweza kufika. Alisomea nyumbani, kwenye mkeka, kando ya koroboi, wakati wadogo zake tulipokuwa tukisoma kwa sauti. Alikuwa na lugha ya macho aliyoitunga yeye na mama: kutazama juu ni ndiyo, kufumba macho yote mawili ni hapana. Hadithi za vitabu vyetu vya Kiswahili alizishika neno kwa neno kwa kuzisikia. Mmoja wetu alipojaribu kuruka aya ili amalize haraka, Dada alifumba macho na kuyakaza, na hakuyafumbua mpaka msomaji aliporudi pale alipoparuka. Kiswahili alikielewa, Kigogo alikielewa, na bibi alipomsalimu "Mbukwenyi" uso wake wote uliitikia.

Sasa nifike kwenye kazi, ambayo ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote.

Mahali pake palikuwa mlangoni mwa nyumba yetu ya tembe, asubuhi upande wa magharibi penye kivuli na jioni upande wa mashariki. Kutoka hapo aliuona uwanja mzima, zizi, njia ya kwenda kisimani na ile ya kwenda barabarani. Kila kilichotoka na kuingia kilipita mbele ya macho yake, naye hakusahau. Mbuzi wasiporudi, mchungaji alirudi kwa Dada kwanza: walishuka korongoni? Macho yalibaki yamefumba. Walipanda kwenye mibuyu? Macho juu. Majirani nao walikuwa wakija kumuuliza kama baba ameshatoka, kama mama amekwenda shamba la karibu au la mbali, kama mgeni wao amepita. Tulipogombana sisi watoto, kesi ilipelekwa kwake, kwa sababu aliona yote na hakumpendelea mtu, hata mimi niliyekuwa nikimpelekea ubuyu.

Tena alilea. Sisi wadogo zake watano, kila mmoja kwa wakati wake, tulilazwa kwenye mkeka ubavuni pake wakati mama akitwanga uwele au akipalilia mtama. Mtoto alipoamka au alipotambaa kuelekea jikoni kwenye moto, Dada alitoa sauti moja ya juu ambayo mama aliifahamu hata akiwa shambani nyuma ya nyumba. Nina mdogo wangu ambaye asingekuwa hai bila sauti ile, maana alikuwa ameshaushika mpini wa sufuria la uji uliokuwa ukichemka. Baadaye walikuja watoto wetu sisi, naye akawalea vile vile. Kama kazi hiyo ingefanywa na msichana wa kuajiriwa, tungeiita kazi na tungeilipa mshahara.

Alikuwa pia na mapenzi yake, ambayo wasifu mwingi huyasahau. Aliupenda mlio wa muheme kuliko chakula. Kinamama walipopiga ngoma hiyo wakati wa sherehe baada ya mavuno, baba alimbeba akamweka karibu kabisa na wapigaji, na mwili wake uliokakamaa ulilegea kwa namna ambayo dawa haikuwahi kuulegeza. Alikuwa shabiki wa Simba. Mwaka 2003, Simba ilipoitoa Zamalek kwa mikwaju ya penalti kule Cairo, hakulala, wala hakuturuhusu kuzima redio hadi wachambuzi walipomaliza maneno yao yote.

Kuhusu ndoa, hakuolewa. Kuhusu watoto, nimekwisha sema.

Mwili wake ulihitaji mikono ya watu wengine kila siku ya maisha yake, nami nataka nilieleze hili waziwazi ili asidhani mtu kwamba naipamba hali. Alikuwa na kifafa, kama walivyo wengi wenye mtindio wa ubongo, na alimeza fenobabitoni kila jioni. Dawa hiyo haitakiwi kukatishwa ghafla, kwa hiyo zahanati ilipoishiwa, baba aliendesha baiskeli hadi mjini kuitafuta madukani. Wapo majirani waliokimbia degedege lake wakiamini mate yake yanaambukiza, ilhali kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Usiku aligeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Kumlisha kulichukua saa nzima. Maji matupu yalimpalia, lakini uji mzito wa uwele na karanga ulishuka salama, na ugali uliolainishwa kwa mlenda ulishuka vizuri zaidi. Mama aliligundua hilo peke yake, na miaka mingi baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimthibitishia kwamba kimiminika chepesi ndicho kinachokimbilia kwenye njia ya hewa kabla koo halijajiandaa.

Tulipata pia kitimwendo kwa msaada, cha chuma kizuri, kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Magurudumu yake madogo ya mbele yalizama kwenye mchanga wetu hatua chache tu kutoka mlangoni. Kilichomsaidia kweli ni kiti cha mbao alichochonga seremala wa kijijini kwa maelekezo ya baba.

Sensa ya mwaka 2012 ilipofika, karani alianza kuandika wanakaya, na jirani aliyekuwa pale akasema kwamba huyu wa mlangoni hana haja ya kuandikwa. Baba alimwomba karani aanze na yeye, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Mwaka 2022, baba akiwa ameshafariki, nilihakikisha mimi kwamba anaandikwa, na maswali yote kuhusu kuona, kusikia, kutembea na kujihudumia yalijibiwa mbele yake, naye akithibitisha kwa macho.

Alifariki kwa nimonia. Kwa watu wenye shida ya kumeza, chakula au mate huingia mapafuni kidogo kidogo, na siku moja mapafu hushindwa. Alianza kukohoa Jumatano, tukampeleka hospitali, akapewa oksijeni na dawa za mshipa, na alfajiri ya Jumapili akatutoka mama akiwa amemshika mkono.

Walipokuja kutupa pole, watu wengi, wakiwemo wanaotupenda, walimwambia mama ashukuru kwa kuwa Mungu amemtua mzigo. Hakuna aliyempa pole kama anavyopewa mama aliyefiwa na binti yake mkubwa. Mpaka leo mama huamka usiku, saa ile ile ya kumgeuza, akakaa kitandani mpaka kukuche. Mtu aliyetuliwa mzigo haamki hivyo. Ninachotaka kukisema kwenu ni hicho: huyu alikuwa mtu mzima, dada wa watu, na alistahili kuliliwa kama tunavyowalilia wengine, wasifu wake ukisomwa mbele ya watu.

Mchangiaji kutoka Mpwapwa ameandika:

Pole sana, mleta uzi, wewe na mama. Sisi tulikuwa na mdogo wetu wa kiume aliyezaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, tukikaa karibu na stesheni ya Gulwe. Aliweza kusema vizuri kuliko sisi sote, ila miguu haikuwa na hisia. Aliijua milio ya treni za mizigo na za abiria, na abiria waliochelewa walikuwa wakimuuliza yeye badala ya kwenda kuuliza dirishani. Alipofariki tulizika siku hiyo hiyo jioni, bila kuwasubiri mashangazi walioko Tabora, kwa sababu wazee walisema "kwa hali yake" hakuna haja ya kusubiri. Mashangazi hawajatusamehe, na wana haki. Nimesoma uzi wako nikaona kwamba kumbe jambo lililokuwa likinisumbua kwa muda wote huu lina maelezo.

Mchangiaji kutoka Dodoma mjini ameandika:

Ndugu mleta uzi, nimeguswa, lakini naomba niseme tofauti kidogo. Mama yangu alimwuguza kaka yetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mgongo wake umeharibika kwa kunyanyua, hakwenda kwenye msiba wa mama yake mzazi kwa kukosa wa kumwachia, na baba alihama nyumba. Watu wakisema mama alikuwa amebeba mzigo, wanasema kweli. Tukilikataza neno hilo, nahofia tutakuwa tunawanyima kinamama hawa haki ya kusema kwamba wamechoka.

Mchangiaji kutoka Manyoni ameandika:

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minne mwenye hali hiyo hiyo. Shingo haijakaza vizuri na miguu yake hupishana kama mkasi nikimsimamisha. Naomba, kaka yangu, unieleze kile kiti cha mbao kilikuwaje, na namna mama alivyomlisha bila kumpalia, maana wa kwangu hukohoa kila mlo na uzito hauongezeki.

Jibu la mleta uzi:

Nawashukuru wote. Ndugu wa Mpwapwa, pole nawe; wapigie mashangazi, hata sasa.

Ndugu wa Dodoma mjini, nimelisoma neno lako mara mbili na sina ugomvi nalo. Mama yetu naye anaumwa mgongo. Tofauti yangu ni hii: uzito ulikuwa wa kazi ambayo mtu mmoja aliachiwa peke yake, na kazi hiyo ingeweza kugawanywa, ilhali Dada mwenyewe hakuwa kazi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, kwa hiyo msingi wa kudai msaada upo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Naiheshimu hatua hiyo, kwa kuwa imewainua wenye uwezo wa kufanya biashara. Hata hivyo, mtu kama dada yangu au kaka yako hawezi kuunda kikundi akakopa mtaji. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea mama saa chache kwa juma, na msaada wa aina hiyo sikuwahi kuuona kijijini kwetu. Kinamama waseme kwamba wamechoka, na wasikilizwe wakati mtoto yu hai, badala ya kupongezwa siku ya maziko.

Mama wa Manyoni, nimemuuliza mama yetu na haya ndiyo majibu yake, ila kwanza mpeleke mtoto hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kitengo cha mazoezi ya viungo, wamwone anavyomeza na wampime uzito, kwa kuwa kikohozi cha kila mlo si cha kuachwa. Wakati wa kulisha usimlaze wala usikiache kichwa kikaenda nyuma. Akae wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, nawe ukae mbele yake usawa wa macho yake, usisimame juu yake, maana atainua uso ili akuone na koo litafunguka vibaya. Tumia kijiko kidogo na bapa, weka chakula katikati ya ulimi, kisha subiri ameze kabla ya kijiko kingine. Anza na uji mzito, na hata maji yaongezewe uzito kwa unga kidogo uliopikwa. Asilazwe mara tu baada ya kula. Mama alikuwa akimwacha amekaa karibu nusu saa.

Kiti kilikuwa na mgongo ulionyooka unaofika juu ya kichwa, na vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa kwa godoro la zamani pande zote mbili za kichwa ili kisianguke. Sehemu ya kukalia ilikuwa imeinuka kidogo kwa mbele ili asiteleze, na katikati ya magoti kulikuwa na gogo dogo lililozungushiwa kitambaa, ambalo ndilo linalozuia miguu isipishane. Nyayo zilikanyaga ubao, hazikuning'inia. Mbele kulikuwa na meza ya kuegemeza mikono, na mkanda wa kitambaa kwenye nyonga, kamwe si tumboni. Fundi ampime mtoto akiwa amekaa mapajani mwako, si akiwa amelala, kwa sababu vipimo hutofautiana. Na amwachie nafasi ya kukua, ila nafasi hiyo izibwe kwa mito kwa sasa. Akikwama mahali popote, andika hapa, nami nitakwenda kukipima upya kile cha Dada, ambacho bado tunacho, nikutumie vipimo vyake.